Dada, usiache mswaki kwa sababu ya mimba

Msimu wa korosho ulikuwa ndiyo kwanza umeanza alipokuja dada mmoja kutoka Mikindani, mimba ya miezi saba, amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Kati ya meno mawili ya mbele ya juu palikuwa na kinyama chekundu, laini, kinang'aa kama bibo lililoiva, ukubwa wa punje ya harage. Ukikigusa, damu. Mama mkwe aliyemsindikiza alishajiaminisha kuwa ni saratani.

"Unapiga mswaki, dada?"

"Niliacha, daktari. Kila nikisugua damu inajaa mdomoni."

Hili nalisikia mno hapa Mtwara, na linaniumiza, kwa sababu hapo ndipo mswaki unapohitajika kuliko wakati wowote. Nyuma ya meno yake ya chini ugaga ulikuwa umeshikana kama chokaa kwenye sufuria ya maji ya kisima.

Ufizi una vipokezi vya estrojeni na projesteroni, kama ulivyo mji wa mimba. Homoni hizo zikipanda wakati wa ujauzito, mishipa midogo ya damu hulegea na kuvujisha majimaji, na ufizi unavimba. Tena yupo bakteria, Prevotella intermedia, anayeweza kuzitumia homoni hizo badala ya virutubisho vya jamii ya vitamini K anavyohitaji ili azaliane. Mwaka 1963 watafiti Löe na Silness walionyesha kuwa uvimbe wa fizi kwa wajawazito huongezeka kuanzia mwezi wa pili na kufikia kilele mwezi wa nane. Lakini homoni peke yake haziumbi ugonjwa. Anayeanzisha ni ukoga, yaani ule utando laini kwenye meno. Homoni zinapuliza tu moto uliokwishawaka. Ukoga ukiondoka, ufizi hutulia hata kama mimba bado ipo.

Kile kinyama si saratani. Ni uvimbe wa ujauzito, na mara nyingi hunywea wenyewe baada ya kujifungua. Nilimkwangua ugaga siku ileile. Miaka yangu ya mwanzo kazini niliwahi kumwambia mama mmoja arudi akishajifungua, akarudi na jino linalegea. Sirudii tena. Kusafisha meno ni salama wakati wa ujauzito, na miezi ya katikati ndiyo mama anakaa kitini bila taabu.

Mabinti wanaovunja ungo nao hutokwa damu kwenye fizi, na mzazi hudhani mwali amekuwa mchafu ghafla. Asigombezwe; apewe mswaki laini na asimamiwe.

Kwenye uzazi wa mpango ndiko nilikochelewa kujua namna ya kuuliza. Ukisema "unatumia dawa gani?", wengi hujibu "situmii", kumbe wana kijiti mkononi au wamechoma sindano mwezi uliopita. Kwao hiyo si dawa. Sasa natamka kimoja kimoja: vidonge vya majira, sindano, kijiti. Vidonge vya miaka ya 1960 vilikuwa na dozi kubwa na vilisumbua fizi. Vya leo dozi ni ndogo na athari ni ndogo. Ila vile vyenye estrojeni huongeza uwezekano wa donge la damu kutoka mapema baada ya kung'oa jino, mfupa ukabaki wazi, na maumivu makali yakaanza siku mbili tatu baadaye. Nikijua mapema, nakupangia uangalizi.

Yule dada alirudi mtoto akiwa na wiki sita mgongoni. Kinyama kilikuwa kimebaki alama ndogo. Safari hii aliyekaa kitini ni mama mkwe: hedhi ilishakoma, mdomo mkavu, fizi zimesinyaa, na alisikia mjini kuna vidonge vya kurudisha homoni. Nikamweleza kuwa vipo, vinalinda mifupa, na tafiti kadhaa zimeona fizi za watumiaji hazivuji damu sana kama za wasiotumia. Lakini siwezi kumwanzishia mtu kwa ajili ya fizi tu; vinaweza kugandisha damu kwenye mishipa, na vile vya mchanganyiko wa estrojeni na projesteroni vikitumika miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya matiti. Hayo wayapime na daktari wa wanawake. Mimi nilimpima sukari kwanza, maana kisukari nacho hukausha mdomo na kula ufizi, kisha nikaanza kukwangua.

"Polepole, mwanangu," akasema, akafumba macho.