Chupa ya maji hadi mahakamani

Wengi wanaofika kwetu kulalamikia kiwanda kinachomwaga uchafu mtoni huja na hasira ya haki, lakini mikono mitupu. Hawana tarehe, hawana picha, hawana hata chupa ya maji. Kesi nyingi za mazingira hufia hapo.

Basi tuanze na chupa. Chota maji upande wa juu wa mto, kabla ya bomba la kiwanda, na upande wa chini, baada yake, pia, kwa sababu bila sampuli ya juu mshtakiwa atasema mto ulifika kwake ukiwa umeshachafuka. Andika mahali, siku, saa na jina la aliyechota. Ifunge mbele ya shahidi, ipeleke maabara inayotambuliwa kisheria, na kila anayeipokea atie saini. Mawakili wa utetezi huichunguza safari ya chupa kuliko hata sumu iliyomo.

Kuhusu nani anaruhusiwa kushtaki, mlango umepanuka. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Ufilipino iliwakubali watoto walioshtaki kutetea misitu kwa niaba yao na ya vizazi vijavyo. Ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya haimlazimishi mlalamikaji kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Omba pia amri ya zuio mapema; mto ukishakufa, fidia haiufufui.

Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, Kenya, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia wakazi sumu ya madini ya risasi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo, aliwakusanya majirani wakadai watoto wapimwe damu, wakaandamana. Alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, mahakama ikamwachia huru. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaifuta 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Vipimo vile vya damu vilivyopiganiwa mtaani ndivyo vilivyobeba kesi kortini.

Hukumu nayo hukazwa, haijitekelezi. Mwaka 2008, katika kesi ya Ghuba ya Manila, Mahakama ya Juu ya Ufilipino iliziamuru idara za serikali kuisafisha na kuleta taarifa ya maendeleo kila baada ya miezi 3. Amri ya namna hiyo iombwe tangu kwenye hati ya madai, na wakazi nao wapewe nakala ya kila taarifa.