Kabla Hujanunua Diski Mpya, Ingia Kwanza Kwenye BIOS

Juzi mama mmoja, fundi cherehani wa Makorora, alinijia hapa Ngamiani, Tanga, na kompyuta yake ya mezani kaifunga kwa kanga. Mashine yake ya kudarizi inatumia programu ya zamani isiyokubali kingine ila Windows XP. Fundi aliyejaribu kumpigia Windows upya aliambiwa na CD ya XP kwamba hakuna diski yoyote, naye akamwambia mama anunue nyingine. "Mwanangu, michoro yangu yote imo humo," akaniambia.

Nikawasha, nikaingia BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya kompyuta unaofunguka kabla Windows haijawaka. Jina la diski liko pale pale, na ukubwa wake. Diski ambayo BIOS inaitaja kwa jina, usiitangazie kifo kwa sababu tu CD haiioni.

Tatizo ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa. XP ilitoka 2001, wakati diski nyingi za nyumbani zilikuwa za IDE, njia ya zamani ya kuunganisha diski. SATA, njia mpya zaidi, katika hali yake iitwayo AHCI ilienea baadaye, na CD ya XP haina draiva yake. Mara nyingine hulalamika kwamba hakuna diski, mara nyingine hukutolea skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Ugonjwa ni ule ule.

Kwanza nilinakili michoro yote. Niliwasha kompyuta kwa flashi ya Linux, mfumo mwingine usio Windows, unaoijua AHCI vizuri, nikahamishia kila kitu kwenye diski ya nje. Hatua hii siiruki hata mteja akiwa na haraka ya namna gani, maana kazi ya mtu ya miaka mingi haina duka inakouzwa. Kisha nikarudi BIOS, kwenye mpangilio wa SATA, nikatoa AHCI nikaweka IDE. Kompyuta nyingine huandika ATA. CD ikaiona diski papo hapo.

Zipo laptopu ambazo BIOS zake hazina chaguo hilo. Hapo XP inakutaka ubonyeze F6 mwanzoni kabisa na uipe draiva kwa flopi, na flopi leo utaipata wapi? Mimi hutumia nLite, programu ya kutengenezea CD ya Windows upya, kuipachika draiva ndani ya CD mpya. Tafuta folda ya draiva yenye faili la txtsetup.oem, si lile la kubofya likajisakinisha. Hakikisha pia ni ya kontrola yako, ile chipu inayoendesha diski: kama Windows ya zamani bado inawaka, soma namba za kontrola kabla hujafuta chochote. Zikiwa na VEN_8086, kontrola ni ya Intel. Na CD iwe na SP1 (furushi la kwanza la masasisho ya XP) au zaidi, kwa kuwa ile ya mwanzo haivuki GB 137 za diski.

Windows 7, ya 2009, inaijua AHCI. Lakini ukiipiga kwa flashi inaweza kudai draiva, ukadhani ni ya diski, kumbe haiijui USB 3.0. Hamishia flashi kwenye tundu la USB 2.0, kama lipo.

Ukishamaliza usirudishe AHCI bila kuweka draiva yake kwanza, XP haitawaka. Ndiyo maana ndani ya kasha la mama yule nimebandika karatasi kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yangu: "SATA iko IDE. Usibadilishe."