Kufundisha fasihi kwa mara ya kwanza: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wanachuo wa ualimu wanapotawanyika maskulini kwa mazoezi ya kufundisha, iwe Makunduchi kwa Unguja au Micheweni kwa Pemba, wengi huwa na mawazo yaleyale kuhusu kipindi cha fasihi. Mengine wameyatoa chuoni, mengine wameyabeba tangu walipokuwa wanafunzi wenyewe. Haya ndiyo yanayowaponza zaidi.

Dhana: Kufundisha fasihi ni kutoa notisi za fani na maudhui

Yaani namna kazi ilivyosanifiwa na kile inachokisema. Hii ndiyo mama yao. Mwanachuo anaingia darasani, anaandika ubaoni "Dhamira", "Ujumbe", "Migogoro", "Falsafa ya mwandishi", na wanafunzi wananakili mpaka kengele. Kitabu chenyewe hakijafunguliwa. Darasa limetulia, mwalimu mwenyeji ameridhika, na hakuna aliyesoma hata sentensi moja.

Hasara huonekana kwenye mtihani. Maswali ya insha ya Kidato cha Nne hudai hoja pamoja na mifano kutoka vitabu viwili. Aliyekariri notisi anaweza kuandika kwamba mwandishi amezungumzia ukosefu wa haki, lakini akitakiwa kuonyesha ni nani, wapi na kwa tukio gani, kalamu inasita.

Matini lazima yatangulie. Chukua kipande kifupi: mistari 20 hadi 25 ya riwaya, ukurasa mmoja wa tamthilia, au beti mbili tatu za shairi. Tuseme ubaoni pana mistari hii miwili:

*Mawimbi yakinipiga, sitaiacha sukani,*
*Japo mwenzangu ni mwoga, atazama ufukweni.*

Usianze kwa kuuliza dhamira. Uliza nani anasema. Yuko wapi? Yuko na nani? Kwa nini mwenzake anatazama ufukweni badala ya kutazama mbele? Hayo ni maswali ambayo jibu lake limo kwenye mistari, na hata mwanafunzi wa dawati la nyuma anaweza kuyajibu. Kisha uliza litatokea nini sukani ikiachwa. Kwa skuli za pwani kama za Mkoani au Nungwi hutakosa mtoto wa mvuvi atakayekwambia kwamba chombo kitageuka kikae ubavu kwa wimbi na kujaa maji. Hapo ndipo pa kuuliza: hii sukani inaweza kuwa nini katika maisha ya mtu? Mmoja atasema ndoa, mwengine uongozi, mwengine masomo. Kila mmoja athibitishe kwa neno lililomo kwenye mistari. Anayesema ndoa atamshika huyo "mwenzangu"; anayesema masomo itabidi aeleze mwenzake ni nani, na akishindwa, darasa litamwambia lenyewe. Dhamira imepatikana bila ya kuandikwa ubaoni, na mfano wake umeshaingia kichwani.

Kwa kipindi cha dakika 40, mgawanyo huu unatosha: dakika 5 kusoma kwa sauti mara mbili, 8 maswali ya nani na wapi, 12 mazungumzo ya wawili wawili, 10 mjadala wa darasa zima, na 5 za mwisho kila mmoja aandike sentensi mbili: hoja yake na neno la kwenye matini linaloithibitisha. Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni utangulizi. Mwanachuo huanza na maisha ya mwandishi, na dakika 15 zinakwisha kabla ya ubeti wa kwanza.

Dhana: Mwanafunzi asipojibu papo hapo, hajui

Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takribani sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri tatu au zaidi majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Yeye alichunguza masomo ya sayansi; katika fasihi haja ni kubwa zaidi, maana mwanafunzi lazima arudi kwenye mstari ausome tena. Uliza, kisha hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo. Usirudie swali kwa maneno mapya katikati ya kimya, maana hapo umeshauliza swali jengine.

Dhana: Vijana wa siku hizi hawapendi ushairi

Vijana hawa wamelelewa na kasida za madrasa, maulidi na taarabu za harusini. Masikio yao yanajua mizani, yaani silabi za kila mstari, kabla mwalimu hajalitaja neno lenyewe. Wanachochoka nacho ni shairi kusomwa kama tangazo la mkutano. Lighani, au mpe mwanafunzi mwenye sauti alighani, na wenzake wapige makofi kwa kila mizani. Mistari ile miwili ya juu itawapa makofi 8 kisha 8, jumla 16 kwa kila mstari.

Hapa wanachuo wengi hukwama wenyewe, kwa sababu wanahesabu kwa macho. Chukua neno "mtumbwi". Lina mizani tatu: m-tu-mbwi. Ile "m" ya mwanzo inasimama peke yake na kupata kofi lake, lakini "mb" ya mwisho imeungana na irabu na kuwa mizani moja. Ukiwa na shaka, litamke polepole, silabi moja moja. Na usisahihishe hesabu ya mwanafunzi kabla hujaipiga mwenyewe nyumbani.

Dhana: Mtoto wa Kizanzibari anakijua Kiswahili, hivyo lugha ya kitabuni haimpi tabu

Anakijua cha kwao, iwe Kipemba, Kitumbatu au Kimakunduchi. Kitabuni hukutana na msamiati wa bara, wa kale na wa kishairi. Chagua maneno matano, si ishirini, yale ambayo asipoyajua hatafahamu kinachotokea. Na akileta neno la kwao, usimkate. Liandike ubaoni kando ya lile la kitabuni, kisha muulize: mwandishi angepoteza nini kama angelitumia hilo?

Dhana: Penye mapenzi, ruka

Ukurasa ulioambiwa urukwe ndio utakaosomwa na darasa zima wakati wa mapumziko, bila ya mwalimu. Lakini kuuvamia bila kujiandaa nako ni hatari mbele ya vijana wa miaka 15 na wazee wao. Usome mwenyewe kwa sauti usiku uliotangulia, mweleze mwalimu mwenyeji utakachofundisha, na darasani usome wewe badala ya kumpa mvulana na msichana waigize. Maswali yaelekee kwenye tafsida, yaani kusema jambo zito kwa maneno ya staha: mwandishi ameficha nini, kwa maneno gani, na kwa nini hakusema waziwazi.

Dhana: Vitabu havitoshi, basi hapana kusoma

Nakala moja inatosha kuanza. Andika kipande kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nene, herufi za kama sentimita tatu, kisha nenda ukasimame nyuma ya darasa uone kama zinasomeka. Ukinakili ubaoni wakati wa kipindi unapoteza robo saa na umeligeuzia darasa mgongo.

Dhana: Makundi makubwa ndiyo ushirikishwaji

Kundi la wanafunzi kumi lina wawili wanaofanya kazi na wanane wanaosubiri. Wanne ndio mwisho. Na si lazima kila kundi liwasilishe: matatu yanatosha, mengine yaongeze tu ambalo halijasemwa.

Dhana: Msahihishaji mzuri hutia wino mwekundu kila kosa

Piga hesabu: madaftari 60 kwa dakika tano kila moja ni saa tano. Mwanachuo mwenye mikondo miwili hatayamaliza, na yatarudi wiki ya tatu pakiwa hapana anayekumbuka swali. Watangazie kabla hawajaandika kwamba mara hii utaangalia jambo moja tu, kwa mfano kama kila hoja ina mfano wa kutoka kwenye matini. Pigia mstari hoja iliyokosa mfano, andika pembeni "wapi?", na daftari lirudi kipindi kinachofuata. Tahajia utaishughulikia katika zoezi jengine.