Hatua ya muda katika programu za kupigia hesabu sola

Programu ya kuiga mfumo wa sola hailioni jua likienda mfululizo kama unavyoliona wewe ukiwa barazani Mikindani. Inaukata mwaka vipande vipande, na kwa kila kipande inapiga hesabu mara moja tu: paneli zimetoa nini, vyombo vimekula nini, betri imebakiwa na nini. Urefu wa kipande hicho ndio hatua ya muda. Kikiwa cha saa moja, mwaka una vipande 8,760. Kikiwa cha dakika moja, vinafika 525,600. (Tafsiri za mashine zinaweza kukuletea "azimio la muda". Azimio tunalolijua ni la Arusha. Hilo achana nalo.)

Ndani ya kipande kimoja, programu inaona wastani tu, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Chukua nyumba ya wageni Mikindani yenye paneli za kilowati 5, zimeungwa na umeme wa TANESCO kupitia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) isiyopitisha zaidi ya kilowati 4. Ni Januari, mawingu yanapita na kuachia. Kati ya saa tano na saa sita, nusu saa jua linawaka na paneli zinaweza kutoa kilowati 5. Nusu saa nyingine wingu limekaa, zinatoa 2. Wastani ni 3.5. Programu inaona 3.5 haijafika 4, inaandika uniti 3.5 na kusonga mbele. Kumbe jua lilipowaka inveta iliishia 4, kwa hiyo kilichopita kweli ni uniti 3. Ile nusu uniti iko kwenye karatasi tu.

Upande wa matumizi ni mbaya zaidi. Nyumba ya Kitunda, ng'ambo ya Lindi mjini, inategemea betri na ina pampu ya wati 1,500 inayofanya kazi dakika 10 kila asubuhi. Kwenye hatua ya saa moja, pampu hiyo inageuka mzigo wa wati 250. Mwenye nyumba anaongeza taa, feni na friji, anaona inveta ya wati 1,000 inatosha. Siku ya kwanza anawasha pampu, inveta inalia na kuzima. Tena mota ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya wati zake kwa muda mfupi sana, hata hatua ya dakika moja hailioni hilo. Hapo soma kibao cha pampu, usiiulize programu.

Kwa kukadiria uniti za mwaka au ukubwa wa betri, saa moja kwa kawaida inatosha, maana betri yenyewe inasawazisha kupanda na kushuka huko. Programu ya PVsyst hufanya kazi kwa hatua ya saa moja. HOMER, programu nyingine, huanzia dakika 60, na unaweza kuishusha hadi 1. Ila kama data yako ya jua ni ya kila saa, kuikatakata kuwa dakika hakurudishi mawingu yaliyokwisha kusagwa ndani ya wastani.

Na data za kila saa za PVGIS, huduma ya mtandaoni ya data za jua, huja kwa saa za kimataifa (UTC), nyuma yetu kwa saa tatu. Usipozisogeza, pampu ya saa mbili asubuhi itapewa jua la saa tano.