Kuhesabu Mapambo ya Vigae vya Rangi Tatu

Tuseme ujia wa nyumba moja ya Mji wa Kale hapa Mombasa una upana wa vigae vitatu, na fundi ana vigae vyeupe, vyekundu na vya buluu. Sharti ni moja tu: vigae vinavyopakana ubavu kwa ubavu visiwe na rangi moja. Je, kuna njia ngapi za kuutandaza?

Wanafunzi wangu wengi huanza kwa kuzidisha: 3 mara 2 mara 2, safu ya kwanza ina njia 12. Hapo wako sawa. Katika safu ya pili, hata hivyo, kigae huweza kupakana na wenzake wawili waliokwisha kuwekwa, na rangi zinazobaki hutegemea kama hao wawili wanafanana au la, kwa hiyo kuzidisha peke yake hakutoshi.

Dawa yake, ambayo mimi huiona nzuri mno, ni kusahau majina ya rangi na kutazama aina ya safu. Zipo aina mbili: ncha zinazofanana, njia 6, na ncha zinazotofautiana, njia 6. Chukua nyeupe, nyekundu, nyeupe. Katikati ya safu inayofuata patakuwa buluu au nyeupe. Pakiwa buluu, ncha zote hazina budi kuwa nyekundu. Pakiwa nyeupe, kila ncha ina hiari ya nyekundu au buluu. Jumla ni njia 5, ambazo 3 zina ncha zinazofanana na 2 zina ncha tofauti. Ukianza na nyeupe, nyekundu, buluu, utapata 2 na 2.

Basi safu ya pili ina 6×3 + 6×2 = 30 za aina ya kwanza na 6×2 + 6×2 = 24 za aina ya pili, jumla 54; safu ya tatu inatufikisha 138 na 108, jumla 246. Namba mbili tu ndizo zinazobebwa mbele, ujia uwe mrefu kiasi gani.

Upana ukiongezeka, aina za safu huongezeka upesi. Mraba wa 4 kwa 4 una njia 7,812. Mwaka 1967 mwanafizikia Elliott Lieb, alipokuwa akichunguza mpangilio wa hidrojeni katika barafu bapa, alipata jibu kamili la swali lililo sawa na hili: katika mraba mkubwa mno, kila kigae huizidisha idadi kwa takriban 1.54. Katika ujia wetu ni takriban 1.66, kwa kuwa vigae vya pembeni vina majirani wachache na hivyo uhuru zaidi.