Mama hakumharibu: tunayosikia kuhusu watoto wenye usonji

“Ni mama yake alivyomlea.” Hili ndilo linalouma kuliko yote, na halikuanzia vijiweni. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, akiwa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye usonji (autism), hali inayofanya mtoto awasiliane na kuhusiana na watu kwa namna tofauti. Alisema walizaliwa hivyo, ila akataja pia ubaridi wa wazazi wao. Wengine wakalishika hilo la pili. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto wenye matatizo huko Chicago, akalikoleza miaka ya 1960, akidai mama asiyempenda mwanawe ndiye chanzo. Aliyempinga kwa hoja, mwaka 1964, ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji. Leo inajulikana kwamba ubongo wa mtoto huyu hukua kwa namna yake tangu tumboni, na urithi una mchango mkubwa. Wataalamu wameshaacha lawama ile. Shangazi bado anaisema msibani, mbele za watu, na siku hizi huiongezea uchawi.

Kwa hiyo mama akiketi na mnasihi, yaani mshauri wa kisaikolojia, mara nyingi mzigo wa kwanza kutuliwa ni huo wa kujilaumu. Na anayeketi hapo si kichaa, kama wengine wanavyodhani.

“Anadeka, bakora itamnyoosha.” Mtazame mtoto wa miaka sita mashine ya kusaga inapowashwa. Anaziba masikio, anajibwaga chini, anajipiga kichwa. Anayedeka humchungulia mama kuona kama anatazamwa. Huyu hana habari na mtu, amezidiwa. Bakora inamwongezea maumivu juu ya kelele. Mtoe pale, punguza maneno, kaa karibu naye mpaka atulie. Maswali baadaye.

“Ukimpa picha za kuombea vitu hataongea kamwe.” Tafiti hazioneshi hivyo, wapo hata ambao maneno yaliongezeka baada ya kuanza kutumia picha. Kipande cha boksi chenye picha ya kikombe kinatosha kuanzia. Mtoto akikuletea, mpe maji hapo hapo, na useme “maji”. Asiyeweza kuomba maji hulia, hung’ata, hurusha vitu, kisha tunamwita mkorofi.

“Mwanasaikolojia atamrudisha awe kama wenzake.” Usonji si malaria. Kinachotibika ni hofu, huzuni, kukosa usingizi, ugomvi wa kila asubuhi kabla ya shule. Akiendelea kupepesa mikono anapofurahi, mwacheni apepese. Mtu anayekuahidi kumponya kabisa, kwa dawa au kwa maombi ya kulipia, usimpe hela yako.

“Akikua ataacha.” Wengi wenye usonji, na wengi wenye tatizo la umakini na kutotulia, hufika utu uzima nalo. Balehe ndiyo huleta mapya. Vijana wenye usonji hupata wasiwasi na sonona zaidi ya wenzao, na wasichana mara nyingi huchelewa kugunduliwa kwa sababu wamejifunza kuiga wengine darasani siku nzima, wakirudi nyumbani hoi. Mnasihi anayewajua huandika na kuchora badala ya kuongea tu. Akiuliza “moyo wako mzito?” kijana anaweza kujishika kifua na kujibu kwamba hajui uzito wake. Amejibu swali alilosikia.

“Bila daktari bingwa wa mjini hakuna msaada.” Mabingwa ni wachache, kweli. Lakini Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, vinavyoendeshwa na watu wasio mabingwa waliofundishwa. Ethiopia na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoyajaribu. Wazazi hujifunza kucheza na mtoto, kumwelewa anapolipuka, na kujitunza wao wenyewe.

Ndugu za mtoto huyu husahaulika hapa. Dada mkubwa anayemchunga kila jioni naye ana haki ya kuulizwa anaendeleaje, na ya kutoka kwenda kucheza.