Turbini ya Mbele Ikikomba Upepo Wote

Kuna picha ya Februari 2008 ambayo hainitoki akilini. Ni ya Horns Rev, shamba la turbini 80 za upepo katika bahari ya Denmark. Siku hiyo ukungu ulijikusanya nyuma ya kila turbini, na kitu ambacho kwa kawaida hakionekani kikaonekana: kila turbini inaburura mkia wa upepo uliovurugika hadi kwa mwenzake wa nyuma.

Mkia huo una gharama. Nguvu ya upepo hufuata kipeo cha tatu cha kasi, kwa hiyo kasi ikipungua kwa asilimia 10 tu, nguvu hupungua kwa asilimia 27 hivi. Turbini ya mbele ikikomba yote inayoweza, za nyuma hubaki na makombo, na shamba zima huweza kutoa umeme mdogo kuliko kama ile ya mbele ingejizuia kidogo.

Kila turbini ina kidhibiti chake, kifaa kinachoamua ikombe upepo kiasi gani. Ukiviagiza vyote "ongeza umeme wako", vitatulia mahali ambapo hakuna kinachofaidika kwa kubadilika peke yake. Ndiyo hali aliyoieleza mwanahisabati John Nash mwaka 1950 katika nadharia ya michezo, hesabu ya maamuzi ya wachezaji ambao uamuzi wa mmoja humgusa mwingine. Imetulia kweli, ila umeme umepotea.

Mwanauchumi huwakuta wachezaji wakiwa na matakwa yao tayari. Sisi wahandisi wa udhibiti, wachezaji wetu wakiwa turbini, tunayaandika wenyewe, na kwangu huo ndio uzuri wote wa fani hii. Acha kuipa turbini alama kwa umeme wake. Ipe kwa kiasi ambacho jumla ya shamba ingepungua kama ingezimwa. Mchezo unageuka kuwa wa aina waliyoichambua Dov Monderer na Lloyd Shapley mwaka 1996: kila mmoja akipandisha alama zake, jumla nayo inapanda kwa kiasi kilekile, bila bosi wa kuamuru.

Huenda wakakwama kwenye kilima kidogo, yaani jumla nzuri kiasi, na kuuacha mlima, ile iliyo bora kabisa, ndiyo maana tunawaachia wabahatishe mara mojamoja. Ila kinachosumbua zaidi ni muda. Kule Horns Rev turbini zimeachana mita 560. Upepo wa mita 8 kwa sekunde huchukua sekunde 70 kufika kwa jirani, na mkia huenda polepole zaidi. Kidhibiti kikijipa alama kabla ya hapo, kinajifunza uongo.